Wasomaji Wanauliza: Modeli za Magari ya Kale na ya Mbio za Dragi

Barua za toleo hili zimetoka karibu zote kwa wasomaji wanaounganisha modeli za plastiki za magari ya Marekani ya miaka ya 1950 hadi 1970. Wengi wao wanapenda magari ya mbio za dragi, yaani mbio za magari mawili yanayoshindana kuongeza kasi katika njia iliyonyooka ya robo maili, ambayo ni mita 402. Barua ndefu nimezifupisha, na zile zilizouliza jambo moja kwa maneno tofauti nimezijibu pamoja.

Swali: Nina seti mbili za Chevrolet ya 1957, moja ya skeli ya 1:24 na nyingine ya 1:25. Ningependa kutoa injini na rimu za ile kubwa nizitie katika ile ndogo. Mwenzangu ananiambia kwamba tofauti haionekani kwa macho. Je, nimsikilize? Na kwa nini watengenezaji hawakukubaliana juu ya skeli moja?

Jibu: Msikilize nusu. Skeli hizo zinatofautiana kwa takriban asilimia 4, na athari yake hutegemea urefu wa kitu chenyewe. Katika Chevrolet ya 1957, umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,921. Ukiugawanya kwa 24 unapata milimita 121.7, na ukiugawanya kwa 25 unapata 116.8. Pengo la karibu milimita 5 linatosha kuyafanya magurudumu yagonge madigadi, kwa hiyo chasisi ya seti moja usijaribu kuiweka chini ya bodi ya nyingine. Rimu ya inchi 15, hata hivyo, inatofautiana kwa milimita 0.6 tu, na injini ya V8 kwa takriban milimita moja, tena ikiwa imejificha ndani ya boneti. Hapo mwenzako amesema kweli. Kumbuka tu kwamba inchi 15 za rimu hupimwa pale tairi linapokaa, wala si kwenye ukingo wa nje unaoonekana, hivyo kalipa ikikupa kipimo kikubwa zaidi usidhani kwamba seti imekosewa.

Kuhusu kutokukubaliana, skeli ya 1:25 ilitokana na magari madogo ya matangazo ambayo wauzaji wa magari mapya nchini Marekani walipewa ili wateja waone umbo na rangi za mwaka ule. Kampuni ya AMT ya Michigan ilikuwa miongoni mwa waliotengeneza magari hayo, na mwaka 1958 ilianza kuuza seti ambazo mnunuzi aliweza kuziunganisha kwa namna tatu: kama gari lilivyotoka kiwandani, kama gari lililorembwa, au kama gari la mbio. Monogram ilishika 1:24, ambayo ni nusu inchi kwa kila futi moja, na Tamiya ya Japani nayo hutumia skeli hiyo kwa magari yake mengi. Kila kampuni ilikuwa imekwisha kuchonga kalibu za chuma kwa gharama kubwa, na mwenye kalibu hana haraka ya kuzitupa.

Swali: Ninajenga Plymouth ya 1965 ya mbio za dragi, ile ambayo magurudumu yake yalisogezwa mbele. Nimekusanya picha nyingi za gari hilo hilo moja, lakini zinapingana. Katika baadhi yake boneti ina mdomo wa hewa, na katika nyingine mabomba manane yametokeza juu ya boneti. Hata maandishi ya ubavuni si yale yale. Nifuate picha ipi ili modeli yangu iwe sahihi?

Jibu: Picha zote ni za kweli, ila hazikupigwa wakati mmoja, na hili ndilo jambo ambalo ningependa kila anayejenga gari la mbio alipime kabla ya kufungua gundi. Gari la kawaida lililotoka kiwandani lina umbo moja ambalo unaweza kulihakikisha kwa vitabu vya mtengenezaji. Gari la mbio halina umbo moja. Mafundi walilibadilisha kila waliposhindwa, kila walipopata mfadhili na kila kanuni zilipobadilika. Ndiyo maana swali la kujiuliza ni gari hili lilikuwaje siku gani.

Chukua hilo la kwako. Katika magari hayo ya 1965, Chrysler, kampuni iliyomiliki jina la Plymouth, ilisogeza ekseli ya nyuma mbele kwa inchi 15 na ekseli ya mbele kwa inchi 10, ili uzito mkubwa zaidi uyakandamize matairi ya nyuma wakati wa kuondoka. Bodi zilitumbukizwa katika tindikali ili bati liwe jembamba na jepesi. NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani kilichoanzishwa na Wally Parks mwaka 1951, kilikataa kuyaingiza katika daraja lililokusudiwa kwa magari ya majaribio ya viwanda, kwa hiyo timu nyingi ziliyapeleka kwenye mashindano ya kualikwa na kulipwa, ambako kanuni zilikuwa chache. Pasipo kanuni, mabadiliko yalikwenda mbio. Mwanzoni mwa msimu injini ya Hemi, V8 ya Chrysler yenye chemba za kuwakia za umbo la nusu tufe, ilikuwa na kabureta mbili zilizofunikwa na mdomo wa hewa; muda mfupi baadaye timu zilihamia kwenye mfumo wa Hilborn wa kupuliza mafuta bila kabureta, na mabomba yake manane ndiyo hayo uliyoyaona yametoboa boneti. Kati ya picha zako mbili huenda kuna miezi michache tu.

Panga basi picha zako kwa wakati. Angalia namba na daraja lililoandikwa kwenye vioo, ambavyo mara nyingi viliandikwa kwa rangi nyeupe ya viatu na kufutwa baada ya mashindano. Angalia stika za wafadhili zinavyoongezeka, aina ya rimu za mbele, mikwaruzo na mabaka ya puti. Picha mbili zenye mkwaruzo ule ule mlangoni zina ujirani wa siku. Ukipata kundi la picha tatu au nne zinazokubaliana, jenga hilo na uache mengine, hata kama kundi lingine lina kitu kinachokuvutia zaidi. Modeli yenye mabomba ya Juni na maandishi ya Machi inaonyesha gari ambalo halikuwahi kuwapo, hata kila kipande chake kikiwa kimetengenezwa kwa ustadi.

Jihadhari sana na picha za rangi zilizopigwa miaka ya karibuni. Magari mengi ya aina hii yamekarabatiwa, na mkarabati hupaka rangi safi kuliko ya zamani, huweka mikanda ya usalama ya kisasa, na mara nyingi huchagua umbo la siku ya ushindi mkubwa. Picha hizo zinafaa kwa kuona chini ya gari, mahali ambapo wapiga picha wa zamani hawakujali, lakini zisishinde picha ya wakati wenyewe.

Kwa upande wa kazi ya mikono, inchi 15 katika 1:25 ni milimita 15.2, na inchi 10 ni milimita 10.2. Usisogeze ekseli peke yake. Matundu ya magurudumu kwenye bodi yalisogea pamoja nazo, hivyo itakubidi ukate kipande cha ubavu chenye ukingo wa tundu, ukihamishe kizima, kisha uzibe nafasi iliyobaki nyuma kwa bapa la plastiki na puti. Ukichonga tundu jipya kwa macho tu, ukingo hauwezi kufanana na ule wa asili. Pale ambapo huna kipimo, tafuta picha iliyopigwa ubavuni kabisa na kutoka mbali, pima kipenyo cha rimu ndani ya picha, na ukifanye hicho kuwa rula yako. Picha iliyopigwa karibu hukuza upande ulio jirani na kamera, na vipimo vyake vitakudanganya.

Swali: Je, Swamp Rat ya Don Garlits ilikuwa na injini mbele au nyuma ya dereva? Nimeona zote mbili.

Jibu: Swamp Rat ni jina la mfululizo wa magari ya Garlits, dereva wa mbio za dragi, kila moja likiwa na namba yake. Swamp Rat 13 ilikuwa na injini mbele ya dereva. Mwezi Machi 1970, katika uwanja wa Lions huko California, giaboksi yake ililipuka na kumkata Garlits sehemu ya mguu. Alirudi na Swamp Rat 14, injini ikiwa nyuma yake, na mapema mwaka 1971 akashinda mashindano ya NHRA ya Winternationals mjini Pomona. Dragsta za daraja la juu, yaani yale magari marefu membamba yaliyoundwa kwa mbio hizi tu, zikafuata mkondo huo ndani ya muda mfupi. Magari hayo mawili yana chasisi tofauti kabisa, hivyo seti ya moja haiwezi kugeuzwa kuwa nyingine kwa kuhamisha injini.

Swali: Ninajenga Willys ya 1941 ya daraja la Gas (magari ya kawaida yaliyorekebishwa na kutumia petroli), kwa mtindo wa miaka ya 1960. Nimeinua pua ya gari kadiri chasisi ilivyokubali, lakini mtu mmoja aliyeiona alisema kwamba nimezidisha. Kuna kipimo?

Jibu: Kipo, na kwa bahati njema kinatokana na kanuni za wakati ule. NHRA iliruhusu kitovu cha krenkshafti kiwe juu ya ardhi kwa inchi 24 na si zaidi. Katika 1:25 hiyo ni milimita 24.4. Weka modeli juu ya kioo bapa, pima kutoka kwenye kioo hadi katikati ya puli ya chini ya injini, na utajua mara moja kama mkosoaji wako alikuwa na haki. Nadhani alikuwa nayo, kwa sababu kizazi cha sasa cha wajenzi kimezoea kuliinua gari kupita picha zenyewe zinavyoonyesha.

Kanuni nyingine inayosahauliwa ni ya kurudisha injini nyuma. Daraja la Gas liliruhusu asilimia 10 ya umbali kati ya ekseli, ukipimwa kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi plagi ya kwanza. Willys ya 1941 ina inchi 104, kwa hiyo plagi ya kwanza haiwezi kuwa nyuma ya ekseli kwa zaidi ya inchi 10.4, ambazo kwako ni milimita 10.6. Mwinuko wenyewe haukuwa urembo. Matairi ya wakati ule yalishika barabara kwa udhaifu, na pua iliyoinuka ilisaidia uzito uhamie nyuma gari linapoondoka. Matairi yalipoboreka, magari yakaanza kushuka. Kwa hiyo Willys ya 1967 isikae kama ya 1962.

Na matairi ya nyuma, yale mapana ya kipara, yasikae kama magurudumu ya mbao. Yalijazwa upepo mdogo, na chini yalibonyea kidogo kwa uzito wa gari. Yasugue kwa msasa upande unaogusa ardhi mpaka upate ubapa wa milimita chache. Kazi hiyo ni ya dakika tano, na sijui kwa nini wengi huiruka baada ya kutumia wiki nzima kwenye injini.

Swali: Nimeweka waya za plagi kwenye injini ya Hemi ya dragsta, lakini zinaonekana nene, na sina hakika kama nimezipeleka mahali pake.

Jibu: Waya halisi ya plagi ina unene wa milimita 7 au 8. Gawanya kwa 25, na utapata kati ya milimita 0.28 na 0.32. Waya nyingi zinazouzwa kwa ajili ya modeli zinazidi hapo, kwa sababu waya nene ni rahisi kushika kwa kibano. Waya ya shaba ya kusukia mota yenye unene wa milimita 0.3, ikipakwa rangi isiyong'aa, inafaa zaidi na inakaa pale unapoikunja.

Kuhusu njia yake, plagi za Hemi hazikai ubavuni chini ya mabomba ya egzosi kama za V8 nyingine. Ziko katikati ya kifuniko cha valvu, na kila waya huingia katika tundu lake juu ya kifuniko hicho. Silinda zenye namba witiri ziko upande wa kushoto wa gari na zenye namba shufwa ziko kulia, zikihesabiwa kutoka mbele, na mpangilio wa kuwasha ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Usiubebe mpangilio huu kwenye injini ya Ford ya V8, kwa sababu huko silinda ya 1 hadi ya 4 ziko kulia na ya 5 hadi ya 8 ziko kushoto. Tena dragsta za mafuta ya nitromethani hazikutumia distribyuta ya kawaida, zilitumia magneto, ambayo huzalisha umeme wake yenyewe inapozungushwa na injini. Kwa hiyo ondoa ile koili na waya yake ambayo baadhi ya wajenzi huiongeza kwa mazoea.

Swali: Chevrolet Bel Air yangu ya 1957 imekamilika, lakini inaonekana kama mwanasesere. Nimetumia vipande vya kromu vilivyokuja na seti, na rangi nimepuliza tabaka nyingi ili ing'ae. Tatizo ni nini?

Jibu: Matatizo ni mawili, na rangi ndiyo kubwa. Rangi haijui skeli. Mwanya kati ya mlango na bodi katika gari halisi ni kama milimita 5, ambazo kwako ni 0.2. Ikiwa kila upande wa mwanya umepata rangi ya unene wa milimita 0.05, nusu ya mwanya imekwisha kuzibwa, na mlango unaonekana kama umechorwa juu ya bodi. Kabla ya praima, pitisha mgongo wa kisu katika kila mwanya mara kadhaa hadi uzame. Kisha puliza matabaka mepesi, na mng'ao uutafute kwa kusugua kwa misasa laini sana ya maji badala ya kuongeza rangi. Kama rangi yako ina chembe za metali, chagua ile yenye chembe ndogo kabisa, kwa sababu chembe ya rangi ya gari halisi ikipulizwa kwenye modeli inaonekana kubwa mara 25.

Kromu ya seti nayo imepakwa nene, imefunika mistari ya kalibu bila kuiondoa, na kila mahali kipande kilipokatwa kwenye fremu pana kovu. Unaweza kuitoa kwa kuloweka vipande katika dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, mahali penye hewa, bila kuichanganya kamwe na dawa yenye tindikali au amonia. Baada ya hapo kwangua mistari, paka rangi nyeusi inayong'aa, kisha upulize juu yake rangi ya kromu kama Alclad II. Kwa vipande vya kuzunguka vioo, utando mwembamba wa metali wenye gundi, kama ule wa Bare-Metal, haujapata mpinzani. Maandishi madogo yaliyochomoza kwenye bodi yafunike kwa utando huo kabla ya kupaka rangi, na rangi ikikauka isugue taratibu juu ya herufi kwa kijiti chenye kiyeyusho hadi metali itokeze.

Lakini usiweke kromu kila mahali. Bel Air ya 1957 ilikuwa na grili ya rangi ya dhahabu, na lile bapa refu la ubavuni nyuma lilikuwa la alumini yenye mng'ao hafifu, si kromu. Ukiyatofautisha hayo mawili, kazi nzima itabadilika sura hata kabla hujagusa rangi. Injini ya V8 ipake rangi ya machungwa ya Chevrolet.

Swali: Nimefungua seti ya zamani iliyokaa kwenye sanduku kwa miaka mingi, na matairi yamekula plastiki ya bodi. Imetokeaje?

Jibu: Matairi hayo ni ya vinili iliyolainishwa kwa kemikali, na kemikali hiyo huhama polepole na kuiyeyusha polistirini inayogusana nayo. Jaza makovu kwa puti, na matairi ya seti zako nyingine yatie katika mifuko yao leo hii. Modeli zilizokamilika nazo hupatwa na hali hiyo pale tairi linapogusa rimu, na tabaka la rangi hupunguza kasi bila kuzuia kabisa. Nunua matairi ya resini kama unataka usalama, lakini uyabandike kwa supagluu, kwa kuwa gundi ya plastiki haiishiki resini, na vumbi lake ukilisugua kavu ni baya kwa mapafu: vaa barakoa au sugua kwa maji.

Swali: Bodi ya gari langu la daraja la Funny Car ikiinuliwa, kingo zake zinaonekana nene mno.

Jibu: Magari hayo yalikuwa na bodi nyepesi ya faibaglasi, kama vile Plymouth mbili ambazo Don Prudhomme na Tom McEwen waliendesha mwaka 1970 kwa ufadhili wa Hot Wheels, ya manjano na nyekundu. Plastiki yenye unene wa milimita 1 katika modeli ni sawa na ukuta wa milimita 25. Huna haja ya kuikwangua bodi yote. Punguza kwa ndani kingo zinazoonekana tu, yaani za magurudumu, madirisha na ukingo wa chini, mpaka mwanga uanze kupenya kidogo.

Swali: Nimejenga mstari wa kuanzia mbio kwa ajili ya kuonyesha dragsta ya 1961, pamoja na nguzo ya taa za rangi. Kuna kitu kingine cha kuongeza?

Jibu: Kuna kitu cha kuondoa. Nguzo hiyo ya taa, ambayo wenyewe huiita Mti wa Krismasi, ilianza kutumika katika mashindano ya NHRA mwaka 1963. Kabla yake aliyeanzisha mbio alikuwa mtu aliyesimama mbele ya magari akiwa na bendera. Pia kati ya 1957 na 1963 NHRA ilikuwa imepiga marufuku nitromethani, kwa hiyo kama onyesho lako ni la mashindano yake, dragsta hiyo ilitumia petroli, na stika zozote zinazotaja mafuta mengine zitoke. Ukipenda kuzibakiza taa, badilisha gari.